Herufi Thelathini na Tano

Fomu ya Kasapa ina mistari minne tu:
"Eleza njia iliyokuleta kwenye uandishi."
Kalamu ya bluu. Herufi zisomeke.

Niandike nini? Kwamba niliingia kwa mlango wa mapadri,
katika darasa ambalo mvua ilipiga mabati
hadi mwalimu Tshibanda akaacha kusema,
akawa anaandika ubaoni tu,
nasi tukinakili maneno ya watu
waliozikwa kabla mji huu haujapata jina?

Niliyapenda. Sitakana.
Nomino zao hubadilisha mkia,
zetu hubadilisha kichwa,
na mimi kama mnunuzi wa samaki
nikizigeuza huku na huku, nikizinusa.
Baba aliuliza: lugha hiyo inauzwa soko gani?
Nikamjibu kwa methali yao, yenye vitenzi viwili.
Akaendelea kula bukari yake.

Miaka mitano. Tasnifu juu ya mawe ya makaburi:
waoka mikate, watumwa walioachiwa huru,
mtoto wa miezi saba, mbwa mmoja.
Kurasa mia na kumi,
na tanbihi nyingi kuliko machozi.

Kisha Julai, baridi ile inayokausha midomo,
akafa Ba Mwilambwe, jirani yetu wa Katuba,
mwendesha kreni kiwandani
tangu bomba kubwa lilipokuwa bado linatoa moshi.
Mjane wake, mama Numbi, alikuja na kiti chake mwenyewe,
akakikunjua mlangoni petu.
"Banasema unasomaka luga ya bantu balikufa.
Basi, andikia wangu."

Dieudo, mchoraji wa vibao, hutoza kwa herufi:
franka mia tano kila moja, rangi nyeusi.
Nafasi haihesabiwi. Nukta ni bure.
Mama Numbi alifungua fundo la kitenge.
Elfu kumi na saba na mia tano.

Usiku ule nilipekua madaftari,
nikapata ile ya kale, udongo na uwe mwepesi juu yako.
Asubuhi nikamsomea. Akacheka kidogo,
kisha sana, mpaka akafuta macho:
"Udongo ya hapa? Mwepesi?
Weye ulishaka kulima?"

Basi nikamuuliza mumewe alikuwaje.
Wafu wangu wengine sikuwahi kuwauliza hivyo.
Alikoroma. Aliogopa kinyonga.
Na kule juu, redio ya kreni ilipoharibika
na hakuna aliyekuja kuitengeneza,
alipiga mluzi, na vijana wa chini walijua
mluzi upi unashusha mnyororo
na upi unasema: toka hapo, mwanangu, toka.

Nilikata siku tatu.
Nilikata "marehemu", herufi nane.
Nilikata "mpendwa", kwa kuwa makaburi yote pale
yana wapendwa, na bei ni ileile.
Nilikata kitenzi kimoja kizuri mno
kilichonisifu mimi kuliko yeye.
Kikabaki hiki, juu ya ubao wa mninga:

MWILAMBWE.
ALIPIGA MLUZI.
KRENI ILIMSIKIA.

Mama Numbi alihesabu kwa kidole, mara mbili.
Hakusema kitu. Alikunja kiti chake.
Dieudo ndiye aliyesema, akisafisha brashi kwa petroli:
"Haina 'hapa amelala'.
Watu watajuaje kama amekufa?"

Sijapata jibu. Kila ninapoandika
namsikia nyuma yangu na kopo lake,
akingoja kujua ni herufi ngapi.

Karani wa Kasapa anafunga dirisha saa tisa.
Naandika, kwa bluu:
Nilikuwa nasoma mawe. Mtu akaniomba ubao.

Anaigeuza karatasi, anaangalia nyuma,
ananiuliza kama ile mistari mitatu
nimeisahau.